Kiboko Aliyekataa Kusoma Mstari wa Juu

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nani?
— Pakawa Pimbi, mfupi wa miguu, mrefu wa fikira!
Haya, kaeni vizuri, na anayetafuna ameze kwanza.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana mashine zilikuwepo, wanyama wa Bonde la Msisi walikuwa na mtumishi wa akili mnemba. Jina lake Itika. Hakuwa na mkono wala mguu. Aliishi ndani ya mashine, ukimtuma anatenda. Kazi yake ilikuwa kufungua milango mitatu ya tangi la maji. Lakini hafungui mpaka apewe neno la siri, na maneno ya siri alikuwa akiyatunza Bi Pimbi.

Kiangazi kilikuwa kikali. Maji yalibaki kwenye tangi hilo tu, na maharage ya bonde zima yaliyategemea. Yakiisha, watoto watalala njaa.

Sasa Kiboko, mwenyekiti wa kamati ya maji, tumbo kubwa haya ndogo, akaja tii, tii, tii, mpaka kwa Bi Pimbi.

"Nipe neno la siri la milango yote. Nataka maji yote yaje kwenye bwawa langu."

"Na maharage, Mwenyekiti?"

"Mimi sili maharage. Nipe, au nitaikalia nyumba yako."

Bi Pimbi aliogopa, tena sana. Asubuhi ile alikuwa akimfundisha Itika kazi kwenye bonde la mazoezi, bonde la kuchorwa mle mle ndani ya mashine, lenye milango ya kuchorwa, maji ya kuchorwa, na neno lake la siri tofauti na ya milango ya kweli. Akamwandikia Kiboko neno hilo.

"Ila Mwenyekiti, kabla hujamtuma, soma mstari wa juu kwenye kioo cha mashine. Unasema Itika anafanya kazi bonde lipi."

"Mimi nisome? Kusoma ni kazi ya wadogo."

"Haya. Mimi nimesema."

Kiboko akaingiza neno. "Itika, fungua mlango wa kwanza."

"Nimefungua, Mwenyekiti. Maji yanakwenda."

Kiboko akacheka, ho ho ho. "Itika, fungua mlango wa pili."

"Nimefungua, Mwenyekiti. Maji yanakwenda."

Ho ho ho. "Itika, fungua mlango wa tatu."

"Nimefungua, Mwenyekiti. Bwawa limejaa pomoni."

Kiboko hakungoja. Akakimbia tii, tii, tii, akafumba macho, akaruka kichwa mbele. Pu! Hapakuwa na maji hata ya kunawa. Kichwa kikazama kwenye tope mpaka mabegani, na miguu ya nyuma ikabaki inapiga hewa.

Wanyama wakaja na kamba. Bi Pimbi akauliza, "Mwenyekiti, tukikuvuta, utakubali kila mmoja awe na neno lake, la mlango wake, kwa siku yake tu?"

Kwa kuwa mdomo ulikuwa umejaa tope, Kiboko alikubali kwa mkia. Wakamvuta, wakabadilisha maneno yote siku ile ile. Naye akapewa lake, la Ijumaa. Wiki ya tatu maharage yakatoa maua, na bonde zima likafurahi, hata Kiboko kidogo.

Ngano yangu imefika mlangoni, nami naufunga. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni niitie sukari.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: uwe mkubwa uwe mdogo, kabla hujamtuma mtumishi, soma kwanza mstari wa juu.