Bwana Harusi Aliyewekwa Mawinguni

"Ukimkata vipande si mtu tena huyo, ni kitoweo!"

"Na wewe ukimkunja kwenye kasha, atatoka na mikunjo kama shuka la mgeni!"

Hapo zamani, watu walipokuwa wakiweka vitu vyao vya thamani katika ghala la mawinguni ili panya na majirani wasivifikie, ndivyo walivyogombana Kombo na dada yake Mashavu. Wao na mdogo wao Tunu ndio waliokuwa watunzaji wa ghala. Na kitu walichokigombania kilikuwa kimesimama katikati yao, kimenuna. Kilikuwa mtu. Kilikuwa Ngwali, mchumba wa Siwema.

Siwema mwenyewe ndiye aliyempandisha kwa ngazi ya kamba. Si kwamba hakumpenda. Alimpenda sana, ila Ngwali alikuwa mtu wa kupotea. Ukimtuma chumvi, anarudi baada ya siku tatu na habari za vijiji vyote, chumvi hana. Na Bi Kidawa, mama yake Ngwali, alikuwa amekwisha kuapa: siku ya harusi, jua likizama bwana harusi hajaingia ukumbini, biriani italiwa, watu watakwenda zao, na harusi haitakuwapo tena maisha. Siwema akaona bora amweke mahali salama.

Ngwali alikubali kwa hasira tu. Asubuhi ile Siwema alikuwa amemwambia kwamba kanzu yake inafanana na foronya.

"Niwekeni popote," alisema, "mradi nisimwone huyu."

Kombo akasema, "Mtu ni kitu kimoja. Namkunja mzima, namtia kashani, nafunga. Ukimtaka, nafungua, anatoka na kila kilicho chake."

Mashavu akasema, "Mtu ni vitu vingi. Miguu iende rafu ya miguu, kicheko rafu ya vicheko, jina rafu ya majina. Ukitaka kimoja, nakuletea hicho hicho, sifukui kasha zima."

Tunu akasema, "Mimi siweki kitu. Nakiacha kinapokaa, nakifunga uzi. Ukikitaka, navuta. Kitakuja kilivyo leo, si kilivyokuwa juzi."

Siwema aliwatazama. Kila aliyesema alimwamini, na hilo ndilo lililomtia hofu.

"Jamani," alisema, "mimi nina mchumba mmoja tu. Gawaneni kazi. Atakayenirudishia mtu wangu, siku ya harusi atakaa nami kwenye busati la heshima na kufunua sinia la kwanza la biriani. Lakini awe mmoja, maana sinia la kwanza halifunuliwi na watu wawili."

Basi wakagawana. Kombo akaukunja mwili, akautia kashani. Mashavu akachukua kicheko, akakipanga rafuni karibu na milio ya kuku, maana nafasi ilikuwa hapo tu. Akakibandika picha ya kaa, na kasha nalo akalibandika kaa huyo huyo, ili vijulikane ni vya mtu mmoja. Tunu akautafuta moyo, hakuuona.

"Moyo wa huyu haukai kwake," akasema. "Uko jikoni kwa mama yake, kando ya chungu."

Akashuka, akaufunga uzi huko huko.

Siku zile za kungoja, Siwema alikwenda kwa Bi Kidawa kumenya vitunguu saumu. Siku moja akaomba radhi kwa habari ya foronya. Alisema kwa sauti, mbele ya chungu, kwamba kanzu ilikuwa nzuri na ulimi wake ndio mbaya. Bi Kidawa akaguna. Kando ya chungu, kitu nacho kikaguna.

Siku ya harusi ikafika. Siwema alikuwa amepakwa hina mikononi, bado mbichi, na somo yake, mwanamke aliyemfunda, alikuwa amemwonya asiguse kitu. Alipanda ngazi kwa viwiko.

"Neno la siri?" Tunu aliuliza mlangoni.

"Nimelisahau."

"Mbuzi wako wa kwanza aliitwa nani?"

"Kibiriti."

"Pita."

Ndani, makasha yalijaa mpaka macho yalipokoma. Msimu ule kila bibi harusi alikuwa amehifadhi bwana harusi wake, na karibu wote waliitwa Ngwali. Kombo akafungua la kwanza: Ngwali mwenye upara. Siye. Akafungua la pili: Ngwali anakoroma. Siye. Akafungua la tatu: Ngwali akauliza kama chakula kiko tayari. Siye, ingawa Siwema alisita kidogo. Jua lilikuwa linateremka.

"Wako anachekaje?" Mashavu akauliza.

"Kama punda aliyemwona shemeji yake."

Mashavu akakimbilia rafu ya vicheko. Hakuchukua muda. "Hiiho! Hiki hapa! Kasha la kaa!"

Kombo akalifungua kasha la kaa, na Ngwali akatoka mara moja, mzima, hata mwiba aliopanda nao kisiginoni ulikuwapo. Ila alikuwa na mikunjo kutoka paji la uso hadi magotini. Mashavu akamrudishia kicheko. Ngwali akamtazama Siwema kwa adabu.

"Shikamoo, shangazi."

Siwema nusura ajishike kichwa na hina yake.

Tunu akavuta uzi. Uzi ukawa mzito. Akavuta tena, na moyo ukaja ukinuka kitunguu saumu, na nyuma ya moyo, akiwa ameung'ang'ania, akaja Bi Kidawa na mwiko mkononi.

"Mwizi! Mwizi jikoni kwangu!"

Moyo ukaingia mahali pake. Ngwali akapepesa macho.

"Siwema! Mbona mikono juu, unajisalimisha?" Akacheka kama punda, akamalizia kwa mlio wa kuku, kisha akageuka nyuma kuangalia kama ametaga.

Wakashuka mbio hadi mlango wa ukumbi. Ngoma zinalia, mvuke wa biriani unatoka madirishani. Pale mlangoni watunzaji watatu wakasimama.

"Sinia ni langu," Kombo akasema. "Bila mimi mngekuwa na kicheko na moyo, mngeviozesha kwa nani?"

"Ni langu," Mashavu akasema. "Bila mimi ungekuwa bado unafungua makasha, na huyu dada angeolewa na mwenye upara."

"Ni langu," Tunu akasema. "Moyo ungewekwa kashani, ungetoka na hasira ya foronya. Mimi nimeuleta ukiwa umekwisha kusamehe."

"Umeleta na mama mkwe!" wakamjibu kwa pamoja.

Siwema akamgeukia Kombo, kisha Mashavu, kisha Tunu. Kila aliyesema alimwamini tena. Na Ngwali alikuwa ameanza kuitazama njia ya sokoni kwa hamu, na Siwema hawezi kumshika, hina mbichi.

Bi Kidawa akauziba mlango kwa mwili wake, mwiko juu.

"Haingii mtu humu mpaka ahadi ya sinia itimizwe! Mwanangu namjua, akipiga hatua tatu tumemkosa. Jua ndilo hilo, na biriani inapoa. Nanyi mliokaa mnasikiliza, msinitumbulie macho, semeni upesi: nani anastahili sinia la kwanza?"