Nati ya Shaba

Wapendwa, kabla hatujasimama kuomba, naomba mnisaidie kufungua boneti ya gari. Wenye nguo nyeupe msiogope, hamtachafuka. Labda.

Kulikuwa na fundi mmoja wa magari, gereji yake iko pale barabara inapoanza kushuka mlima. Fundi hodari. Na kama mafundi wengi mnaowajua, alikuwa na kopo. Mnalijua kopo la gereji? Lile la maziwa ya unga, limejaa nati na skrubu za magari yaliyokwisha kupita, wala hakuna anayejua ipi ilikuwa ya nani. Fundi akidondosha nati ndani ya injini, anachungulia mara moja, anasonya, halafu mkono unakwenda kwenye kopo. Anachukua nyingine inayofanana, anafunga, anashusha boneti. Na ile ya kwanza? "Itadondoka yenyewe njiani." Mwenye gari hajui, gari linawaka, nani ana shida?

Asubuhi moja akaja mteja wake wa zamani na pikapu yake, anatembelea fimbo. Miaka miwili nyuma pikapu hiyo hiyo ilimshinda kwenye mteremko, ikaingia korongoni, ikamvunja mguu. Breki zilikaguliwa, nzima. Usukani, mzima. Basi watu wakahitimisha wenyewe: alikuwa amelewa. Yeye alisema, "Mafuta yalikwama wazi, nimetoa mguu kwenye pedeli na gari linazidi kukimbia," akasema mpaka akachoka kusema. Alikuwa mzee wa kanisa, akavuliwa uzee. Mkewe hakumlaumu kwa neno hata moja, ila tangu siku ile akiingia mlangoni humnusa kwanza. Hata fundi wetu alikwenda hospitalini kumpa pole, na machungwa alibeba. Naye pia, moyoni, aliamini ni pombe.

Haya. Kazi ya asubuhi hiyo ilikuwa ndogo, kusafisha chujio la hewa. Fundi anarudishia nati ya mwisho, vidole vina grisi, ikamponyoka. Ikagonga chuma, ikagonga tena, kimya.

"Chukua nyingine kwenye kopo, fundi," mteja akasema. "Wanakwaya kumi na mmoja wananisubiri, tunashuka bondeni kwenye msiba."

Fundi akalitazama kopo. Akaitazama fimbo ya yule mtu.

"Hapana, kaka. Gari hili limeshakuvunja mguu mara moja. Halitoki hapa mpaka niione nati yangu kwa macho."

"Nati moja tu!"

"Hiyo hiyo moja."

Akaanza. Alitandika gunia chini ya gari, akalala chali na tochi mdomoni. Hamna. Alifunga sumaku kwenye ncha ya waya, akaipitisha kila upenyo, ikarudi tupu. Akatoa betri. Akatoa mabomba. Mteja analalamika, simu inaita, wanakwaya wanauliza umefika wapi, fundi hata hageuki. Vidole vimechubuka, damu imechanganyika na grisi. Saa nzima ikapita hivyo. Mwisho akaifungua kabureta yenyewe, akaiweka pembeni, akaingiza kidole kwenye kishimo cha chuma kilichokuwa chini yake. Akaitoa nati yake.

"Mungu mkubwa!" mteja akapiga makofi, akaenda kukaa kwenye usukani. "Funga basi, twende."

Lakini kile kidole kilikuwa kimegusa nati mbili.

Akaitoa na ya pili. Nati ya shaba, upande mmoja imekwanguliwa kwa tupa. Fundi aliijua palepale, kwa sababu aliikwangua mwenyewe, miaka miwili nyuma, na ilipomponyoka alikwenda kwenye kopo akashusha boneti. Wiki hiyo hiyo gari likaingia korongoni. Akautazama ule mkono wa kabureta unaofungua na kufunga mafuta, akaona una alama, umebonyea. Akaijaribisha nati pale. Ikakaa kama jino kwenye pengo lake, na mkono ukakwama, mafuta wazi. Kumbe gari lilipogonga korongoni nati ilichomoka, ikaangukia kishimoni.

Sasa, ndugu zangu, kopo liko hatua mbili tu. Mteja yuko kwenye usukani, anafurahi, anampigia simu kiongozi wa kwaya. Boneti imemkinga, hajaona kitu. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Usinijibu haraka, umevaa nguo za Jumapili.

Fundi akazunguka mpaka dirishani, akafungua kiganja.

"Kaka, siku ile hukulewa. Ni mimi. Hii nati ni yangu, niliiacha humo ndani."

Yule mtu aliitazama nati. Machozi yakamshuka, na alikuwa na hasira, tusidanganyane, alikuwa na hasira sana. Hakusema nimekusamehe. Alisema, "Rudishia kabureta. Halafu panda. Kwanza tunapita nyumbani, umwambie mke wangu. Kisha wanakwaya. Na Jumapili utasimama mbele ya kanisa na hiyo nati mkononi."

Fundi akapanda.

Wapendwa, sisi sote tuna kopo. Umemharibia mwenzako jina Jumanne, Ijumaa unampelekea mkungu wa ndizi. Umemwonea mtoto wako, unamnunulia viatu. Umemdhulumu ndugu yako shamba, unaleta sadaka nono hapa mbele, na sisi tunakupigia vigelegele. Sisemi ndizi ni mbaya. Ile nati ya kopo ilifunga vizuri kabisa! Lakini uliyoidondosha iko wapi? Wewe unasema ilishaanguka njiani zamani. Nani amekuambia? Uliiona kwa macho?

Mimi leo siwaulizi kama mna dhambi, hilo nalijua, na langu nalijua. Nauliza kama tutalala kwenye lile gunia. Tutachubuka vidole. Tutachelewa tunakokwenda. Watu watatuambia achana nayo, ni kitu kidogo, na huenda anayetuambia hivyo ni yule yule tuliyemuumiza. Tutafute hivyo hivyo. Tusishushe boneti.

Maana kwenye mabenchi haya kuna mtu anachechemea. Sisi wote tumeshamwita mlevi. Na mmoja wetu hapa anaijua nati iliyomvunja mguu.

Usije kwangu mbele. Geuka, mtafute, mwendee. Wimbo utasubiri.