Doa la Mwanapazi

Jumbe Mwinchande alipiga marufuku kuoga uchi mtoni: atakayeonekana, mbuzi wake anachukuliwa. Wa kwanza kunaswa akawa Mwanapazi, mjane mwenye mbuzi mmoja. Siku ya kesi akampitia mke wa Jumbe.

"Bibi, nisindikize barazani. Naogopa wanaume."

Wakaongozana.

"Nani kaniona?" Mwanapazi akauliza.

"Mimi, kwa macho yangu!" Jumbe akanguruma.

"Tunaooga pale tuko wengi. Umejuaje ni mimi?"

Jumbe akachekelea. "Una doa tako la kushoto, dogo kama punje ya mtama."

Mwanapazi akamgeukia mke wa Jumbe. "Macho hayo, bibi! Marehemu mume wangu hakuwahi kuliona."

Mbuzi alirudishwa. Siku hizi anayejifunika mtoni ni Jumbe: hupita na shuka gubigubi, kashikwa mkono na mkewe.