Moto wa Msiba kwa Bi Digidigi

Hapo zamani za kale, tena si kale ya mbali, ni kale hii ambayo wanyama walikwisha kuwa na simu, palikuwa na kijiji kinaitwa Nyikani. Usicheke, wewe hapo nyuma. Unadhani ni wewe tu unayejua kubonyeza?

Kila mnyama alikuwa na nyumba yake, jiko lake na simu yake. Ya Tembo ilikuwa kubwa kama sinia. Kiboko aliifunga yake kwenye mfuko wa plastiki ili azame nayo mtoni. Simba alilala nayo kifuani. Wote walikuwa kwenye kundi moja la kijiji, na kutwa nzima ilikuwa ting! ting! ting!

Mzee Digidigi na mkewe tu ndio hawakuwa na simu. Kila asubuhi mzee alizunguka nyumba kwa nyumba na vijiguu vyake vyembamba.

"Hodi! Hodi humu! Mmeamkaje?"

"Aa, mzee naye!" Tembo alisema bila kuinua macho. "Si utume ujumbe tu?"

"Nikituma ujumbe nitajuaje kama una homa?"

"Nitakuandikia."

"Haya, baba. Shinda salama." Akaenda zake nyumba ya pili.

Masika yalipokuja, Mzee Digidigi alilowana katika mizunguko yake. Akakohoa, akalala, akafa. Akamwacha mkewe, Bi Digidigi, na Nguchiro mdogo waliyemlea tangu alipofiwa na mama yake. Nanyi mnawajua digidigi. Hutembea wawili wawili. Ukimwona mmoja, mwenzake yuko nyuma ya kichaka. Sasa Bi Digidigi alibaki mmoja.

Nguchiro akaandika kwenye kundi: "Jamani, Mzee Digidigi ametutoka."

Ting! Ting! Ting! Pole zikamiminika. Kiboko alituma picha ya maua. Simba alituma sauti akilia, "Uuuwii! Mzee wetu!" Ungeisikia ungemhurumia, kumbe analia huku kajinyoosha kitandani. Tembo alituma picha ya sufuria ya uji unaofuka moshi, akaandika chini yake, "Karibuni uji, wafiwa."

Hakuja hata mmoja. Kila mmoja alidhani wenzake wamekwenda. Nguchiro alichimba kaburi kwa kucha zake mwenyewe, naye ni mdogo, na ardhi ya pale ina mawe. Kaburi halikwenda chini sana. Naona uchungu hata kulisimulia.

Sasa, Nyikani walikuwa na desturi yao. Kifo kikiingia nyumbani, majivu huzolewa jikoni, na mfiwa hawashi moto. Jirani ndiye anayekuja na moto wake na kuni zake, akapika uji, na hapo ndipo mfiwa anakula. Bi Digidigi alizoa majivu, akatandika mikeka uani, akakaa kuwasubiri.

Jua likazama, likachomoza. Mikeka mitupu.

"Bibi, niwashe moto nikupikie," Nguchiro akasema.

"Wewe ni mtoto wa nyumba hii. Nawe umefiwa. Moto wa msiba huletwa na jirani."

"Na wasipokuja?"

"Watakuja."

Jua likazama tena, likachomoza tena. Bi Digidigi alikuwa anakunywa maji tu, na macho yake yalikuwa yamefifia kwa kulia. Nguchiro akapiga magoti mbele yake.

"Bibi, utakufa kwa njaa! Acha niuwashe, nakuomba."

"Nikiuwasha mwenyewe, mjukuu wangu, nitakuwa nimekubali kwamba sina jirani. Afadhali njaa." Akasema polepole, "Au labda wamekufa wote. Tembo angekuwa hai, angekosa kuja kweli?"

Maneno hayo yalimchoma Nguchiro. Alikwenda nyuma ya nyumba akalia mpaka akatosheka. Halafu akafuta machozi kwa mkia, akachukua simu.

Akaandika: "TANZIA! Kwa masikitiko makubwa tunatangaza kifo cha ndugu yetu Tembo."

Ting! "Masikini Tembo!" akaandika Simba.

Ting! "Alikuwa jirani mwema," akaandika Kiboko, akatuma maua. Yalikuwa maua yaleyale ya Mzee Digidigi.

Ting! Simba akatuma video ya nyani anaanguka mtini, puu! Wote wakacheka kwa kwa kwa.

Tembo alikuwa sebuleni kwake anasoma. "He! Mimi?" Akaandika haraka, "Jamani, mimi mzima!"

"Msimjibu!" Nguchiro akawahi. "Huyo ni tapeli, kaokota simu ya marehemu!"

"Hana haya!" Kiboko akasema. "Anamwibia hadi maiti!"

Tembo akatuma picha yake. "Ya zamani hiyo!" Akapiga mbinja ya mkonga, prrruuuu!, akaituma. "Siku hizi hata sauti zinaigizwa!" Simba akajibu.

Tembo akaweka simu chini, akatazama mlango wake. Ulikuwa wazi. Hakuna aliyekuja kuulizia maiti yake, wala kuchungulia tu. Alikuwa ameishi Nyikani maisha yake yote, na wenzake walimlilia mpaka nyani alipoanguka mtini. Lile jitu zima likakaa sakafuni likalia.

Baadaye akampigia Nguchiro. "Nguchiro, mdogo wangu. Ni mimi, Tembo. Nisaidie."

"Tembo yupi? Tembo amekufa."

"Naapa mimi mzima!"

"Kama u mzima, njoo kwa Bi Digidigi, ukae kwenye mikeka ya msiba, watu wakuone kwa macho. Tena usije mikono mitupu. Beba kuni. Tapeli wa simu hawezi kubeba kuni."

Tembo akaiacha simu palepale, akaingia porini kukata kuni. Kra! Kra!

Nguchiro hakupumzika. Akatangaza kifo cha Simba, kisha cha Kiboko. Nao walilia vilevile, wakaitwa matapeli vilevile, wakatazama milango yao vilevile. Akamwambia Kiboko aje na maji na unga wa mtama. Akamwambia Simba aje na moto kwenye kigae.

Wakakutana uani kwa Bi Digidigi.

"Mamaa! Mzimu!" Simba akaruka, nusura amwage makaa.

"Mzimu wewe!" Kiboko akapiga kelele. "Si umekufa asubuhi?"

"Na wewe je? Si nimekulilia sasa hivi?"

Wakatazamana. Wakashikana mikono, wakapapasana mabega. Walikuwa na joto wote. Kisha wakageuka pamoja.

"NGUCHIRO!"

Tembo akamnyakua kwa mkonga, akamning'iniza juu. "Umetuua kwa nini, kiumbe wewe?"

"Nipigeni tu," Nguchiro akasema kule juu, miguu inapepea. "Ila niambieni kwanza. Tembo alipokufa, nani alikwenda kwake?"

Mkonga ukalegea kidogo.

"Na Mzee Digidigi alipokufa, aliyekuwa akiwaamkia kila siku, nani alikuja?"

Simba akatazama chini.

Ndipo ikasikika sauti nyembamba kutoka kwenye mkeka. "Nani hao? Siku hizi watu hawapigi hodi?"

Walishtuka. Walikuwa wamemwona tangu walipoingia, wakadhani ni kanga iliyokunjwa. Tembo akamshusha Nguchiro taratibu.

"Hodi, Bibi," akasema.

"Karibu, mwanangu." Bi Digidigi akanyoosha mkono, akaupapasa mkonga wake. "Tembo? Kumbe u hai?" Akapapasa tena. "Nilikulilia, mwanangu. Niliwalilia nyote. Nilisema wamekufa hawa, maana wangekuwa hai wangekuja."

Tembo akapiga magoti. Machozi yakamtiririka kwenye mkonga mpaka kwenye mikono ya bibi.

Simba akaingia jikoni bila kuambiwa. Akapanga kuni, akaweka makaa, akapuliza. Pfuu! Pfuu! Moto ukawaka. Kiboko akakoroga uji. Bi Digidigi akanywa funda moja, akapumzika, akanywa la pili.

"Mzee wangu amelala juujuu," akasema. "Mtoto alichimba peke yake. Mvua ikizidi itamfukua."

Tembo na Kiboko wakainuka, wakaenda kuliongezea kaburi udongo. Hakuna aliyepiga picha.

Siwezi kuwadanganya, wanangu. Bi Digidigi hakuishi sana baada ya hapo. Digidigi akiondokewa na mwenzake hadumu. Lakini jiko lake halikuzimika tena, na kila asubuhi mtu alisema "Hodi!" mlangoni: leo Simba, kesho Kiboko, na Tembo hata mvua inaponyesha. Siku Bibi alipokata roho, Nguchiro alishika simu atangaze kifo, akaangaza macho uani, akairudisha mfukoni. Hakukuwa na wa kumwandikia. Wote walikuwa pale, wamekaa kwenye mikeka.

Hadithi yangu imeishia hapo, nami fundisho langu ni moja tu: jirani yako akifiwa, inuka uende.