Nazi za Namba Tasa

Bwana Ghalibu aliwatupia wafuaji nazi wake ishirini ujira wao, nazi elfu moja na tisa. "Gawaneni sawasawa bila kupasua. Ikibaki hata moja, zote zangu."

Walipanga mafungu, wakapangua. Bwana akacheka mpaka kitambi kikatikisika. "Hiyo namba tasa! Haigawanyiki ila kwa yenyewe na kwa moja."

Mwanamkuu akawanong'oneza wenzake. Wote kumi na tisa wakanuna. "Tumesusa! Hatutaki hata kifuu!"

"Suseni, wenzenu tutakula," Bwana akadakia.

"Bwana," Mwanamkuu akauliza kwa upole, "ukigawa kwa moja, kweli hakibaki kitu?"

"Hata chembe!"

"Basi niliyebaki ni mmoja, na sijasusa. Zote zangu."

Kisha akawageukia walionuna. "Haya, leteni makanda. Kwangu hasusi mtu."