Hatamu za Shukrani

Sogeeni karibu. Nitasema polepole, maana mwisho wa hadithi hii nitauacha mikononi mwenu.

Kule nyanda za juu, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Tambarare, walikuwako watu watatu wenye vipawa. Barmasai, mtunza farasi, alitambua maradhi ya mnyama kwa kumsikiliza akipumua tu. Makokha, fundi wa viatu vya farasi, alikuwa na mikono isiyokosea msumari. Na Nashipae, binti aliyepanda farasi mashindanoni, alisoma nyasi kama mtu asomaye barua. Wote walimtumikia Mzee Gichohi, na wote walimpenda farasi wake jike, Shukrani.

Mzee alipokuwa akikata roho, alimshika mkono mkewe, Rahabu.

"Mbio za Kombe la Masika zimebakiza wiki tatu," alisema. "Shukrani akishinda, mpe yule aliyemshindisha. Mmoja tu, mke wangu. Farasi mwenye mabwana wawili huharibika."

"Mungu ni shahidi," Rahabu alijibu, akamfumba macho.

Baada ya mazishi, Rahabu aliagiza zizi lisafishwe kwa dawa, na blanketi alilokuwa akikalia Mzee lichomwe, ili majonzi yatoke. Kumbe harufu ya Mzee nayo ilitoka. Shukrani akaacha kula. Siku mbili kabla ya mbio, mbavu zake zilihesabika, na daktari wa mifugo akashauri aondolewe mashindanoni.

Barmasai aliweka sikio kwenye shingo ya farasi, akasikiliza pumzi zake. "Mama, huyu haumwi. Anamngoja mtu. Nipe koti la Mzee."

Koti lile Rahabu hakuwa amemruhusu yeyote kuligusa. Alilitoa mwenyewe. Barmasai akalivaa, akaingia zizini, asitoke siku mbili, akimlisha farasi shayiri kiganjani. Shukrani akala.

Siku ya mbio uwanja ulikuwa umelowa mvua. Farasi walipozungushwa mbele ya watazamaji, Makokha aligutuka. Ukwato mmoja haukulia kama zile tatu. Kiatu kilikuwa kimepasuka.

"Dakika nane," msimamizi alisema. "Mkichelewa, anafutwa."

"Sita zanitosha," Makokha alijibu. "Mbili nitamwomba Mungu."

"Mvalishe ndala, fundi!" mtunza farasi wa kambi nyingine alicheka.

Msumari wa pili ulipoingia, kipaza sauti kikanguruma. Shukrani alishtuka, akapiga teke, na vidole viwili vya mkono wa kulia wa Makokha vikapondeka. Rahabu aliusikia mlio wa mifupa.

"Acha, baba! Inatosha!"

"Nishikie mguu, Mama."

Rahabu akapiga magoti matopeni na nguo zake za msiba, akaukumbatia mguu wa farasi. Makokha akaimaliza misumari kwa mkono wa kushoto, jasho likimtiririka.

Lango likafunguka. Farasi kumi walibana ukingo wa ndani, penye njia fupi. Nashipae pia alikuwa huko, hadi alipoiona kona ya mwisho. Nyasi zake ziling'aa kupita kiasi. Maji yalikuwa chini yake. Akamvuta Shukrani nje kabisa, peke yake, kwenye njia ndefu.

"Anakwenda wapi yule? Kwao?" watu walipiga kelele.

Rahabu alifumba macho, midomo ikisema zaburi. Alipoyafumbua, farasi wa mbele walikuwa wakiteleza na kuzama konani, na Shukrani alikuja kwenye ardhi ngumu kama aliyeitwa. Alivuka mstari sambamba na farasi mwekundu aliyenusurika konani. Ikabidi picha ya mstari wa mwisho itazamwe. Kisha mtangazaji akasema: ni Shukrani, kwa upana wa kiganja.

Vigelegele vilipotulia, wale watatu walikuja mbele ya Rahabu. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Bila mimi asingesimama," alisema Barmasai. "Na hata leo hali chakula mkononi mwa mtu mwingine."

"Bila mimi asingeanza," alisema Makokha, mkono umefungwa kitambaa. "Mama, nyundo sitaishika tena. Nimebakiwa na nini?"

"Bila mimi angezama na wenzake," alisema Nashipae. "Mlinicheka, nami nikaenda. Nilijua nikishindwa, hakuna atakayenipandisha farasi tena."

Shukrani akainua kichwa, akanusa koti la Mzee alilovaa Barmasai. Rahabu aliona. Lakini alijua kwamba koti si mtu. Akavitazama vidole vya Makokha, akakumbuka uzito wa mguu ule kifuani pake. Akamtazama binti, matope yamemjaa hadi kwenye kope.

Kiapo kilitaka mmoja tu. Mpaka sasa Rahabu amesimama pale, hatamu mkononi, akiomba aonyeshwe.

Wewe uliyenisikiliza, hatamu hizo ungemkabidhi nani? Na wale wawili wengine ungewaambia nini?