Wastaafu Watatu na Nafasi Moja ya Askari wa Hifadhi

Sogezeni viti. Leo sina pilau, nina swali, na swali lenyewe limenishinda mimi niliyevuka mipaka saba na kurudi na akili ileile niliyoondoka nayo.

Walikuwako polisi watatu waliostaafu siku moja, na kabla buti hazijakauka wakaomba uaskari wa wanyamapori. Hifadhi ya Nkundusi ikawachukua wote kwa majaribio ya miezi sita.

Wa kwanza ni Koplo Machibya, aliyesimama barabarani miaka ishirini na minane kama trafiki. Kipaji chake kilikuwa matairi. Mwonyeshe alama ya tairi kwenye vumbi, atakuambia gari linavuta upande gani, limebeba magunia mangapi, na dereva amegombana na nani nyumbani. Hilo la mwisho alikuwa anaongeza chumvi.

Wa pili ni Sajenti Tumpe. Yeye alikaa kaunta ya kituo akiandika maelezo ya walioibiwa, ya waliopigwa, na ya waliodanganya. Kipaji chake kilikuwa masikio. Alisikia neno lililosemwa, na alisikia pia pale ambapo neno lilipaswa kuwapo na halikuwapo.

Wa tatu ni Hokororo wa bendi ya polisi, mpuliza tarumbeta kubwa la sauti nzito kwenye magwaride na maziko. Kipaji chake kilikuwa pumzi. Maishani mwake hakuwahi kumkamata mtu, na Machibya hakumwacha asahau.

"Afande, wewe mwizi umemwona lini? Labda yule aliyeiba keki kwenye sherehe."

"Nilimwona," Hokororo akajibu. "Alikuwa amevaa sare nyeupe ya trafiki."

Siku ya kwanza Mhifadhi Mkuu, Bi. Shemdoe, aliwapokea kwa maneno machache. "Upolisi wenu uacheni getini. Humu hatufukuzani na magari, hatuandiki maelezo ya kurasa kumi, na atakayepiga kelele nitamfukuza kazi kabla tembo hawajamfukuza yeye."

Mwezi wa tano wa majaribio ikaja barua kutoka makao makuu. Nafasi ya kudumu ni moja. Mmoja abaki, wawili warudi nyumbani.

Na nyumbani hakuna aliyetaka kurudi. Machibya, baada tu ya kustaafu, alikuwa ameweka kiti barazani akisimamisha mikokoteni ya majirani, hadi mkewe akamwambia, "Baba Kulwa, tafuta kazi au tafuta nyumba nyingine." Tumpe, aliyezoea kuelezwa shida za watu mchana kutwa, alijikuta akiihoji redio. Hokororo hakusema sababu yake. Alisema tu kwamba kifua kisichotumika kinakufa kabla ya mwenyewe.

Wiki hiyohiyo mvua za uyoga zilikuwa zimeanza. Saa saba mchana, mzee mmoja aitwaye Chilongani akafika getini, kofia mkononi.

"Nimepotelewa na mbuzi," akasema. "Amevuka mpaka, kaingia hifadhini."

Askari wa zamu akamwambia arudi nyumbani, hapa si mnadani. Tumpe akasema, "Karibu ukae, baba. Nieleze vizuri huyo mbuzi." Akamimina chai, akafungua daftari.

Mbuzi ni jike. Aliondoka alfajiri. Aliondoka kwa pikipiki. Tumpe akaandika yote bila kuinua macho, maana mbuzi kupanda pikipiki si habari.

"Umemfuga muda gani?"

"Mwaka huu unatimia wa thelathini na mmoja."

Askari wa zamu akaanza kucheka. Tumpe hakucheka. Akaweka kalamu chini, akafunga daftari, akalisukuma mbali.

"Baba, sasa siandiki. Anaitwa nani?"

Mzee akakiweka kikombe chini. "Nyemo," akasema. "Mke wangu."

Nyemo alikuwa amebebwa na bodaboda kwenda kuokota uyoga ndani ya hifadhi, na kuokota humo ni kosa la mahakamani. Dereva alirudi peke yake, akasema tembo, tembo, kisha akatokomea na simu akaizima. Mzee aliogopa kwamba akisema ukweli, mkewe ataokolewa leo na kufungwa kesho.

"Hatashitakiwa," Tumpe akasema. Ahadi hiyo haikuwa yake kuitoa. Aliitoa.

Basi ikajulikana kwamba yuko mtu ndani. Ila Nkundusi ni kubwa mno, na mvua ya adhuhuri ilikuwa imefuta nyayo zote. Askari wafuata nyayo, watu wa kazi kweli, wakatikisa vichwa.

"Nani kazungumzia nyayo?" Machibya akauliza.

Akashuka kwenye gari la hifadhi pale mzee alipowaonyesha bodaboda ilipoingilia, akapiga goti lake bovu kwenye tope. Mvua inafuta unyayo, lakini mfereji uliochimbwa na tairi lenye mzigo inaujaza maji tu. "Tairi la nyuma limekwisha upande wa kulia," akasema. "Huyu ningemwandikia faini hapahapa." Akaonyesha alama mbili. Ya kuingia ilikuwa nene, ya kutoka nyembamba. "Kaingia na mtu, katoka peke yake. Tutafute alipomwacha."

Akaifuata alama ile kilomita kumi na moja. Ilipotea kwenye mawe mara mbili, na mara mbili akaipata. Njia zilipogawanyika, wafuata nyayo walitaka kwenda kushoto, yeye akang'ang'ania kulia, akatukanwa, akaenda kulia. Mwisho alama ikayumba, ikachora breki ndefu, ikageuka. Pale pale palikuwa na beseni limepinduka na uyoga umemwagika. Mbele yake palikuwa na korongo, na ndani ya korongo sauti ya mwanamke, nyembamba: "Mguu wangu! Mguu umevunjika!"

Ila kati yao na korongo walisimama tembo wapatao arobaini, na watoto wao.

Bi. Shemdoe, kwenye redio, alikataza risasi hata moja ya hewani. Wakishtuka watakimbilia korongoni, na mle yumo mtu. Jua nalo lilikuwa limeshainama. Wakangoja tembo waondoke. Tembo hawakuwa na haraka.

Hokororo akafungua gunia lake, akatoa kitu kilichoviringishwa blanketi.

"Umelileta hilo humu?" Machibya akanong'ona kwa hasira. "Utafukuzwa!"

"Nifukuzwe kesho."

Akaenda peke yake hatua mia mbili pembeni, mbali na korongo, akasimama mahali peupe, akapuliza wimbo wa maziko, wa polepole, sauti ya chini kabisa. Masikio themanini yakafunguka, kila upande. Hawakukimbia. Jike mkubwa akamjia hadi hatua thelathini, na kundi zima likajipanga nyuma yake kumkabili huyu mnyama mpya wa shaba. Hokororo akarudi nyuma hatua moja, akapuliza. Hatua nyingine, akapuliza. Kundi likamfuata likiacha korongo wazi. Dakika arobaini hakunyamaza, mzee wa miaka sitini, hadi Nyemo alipotolewa na kupakiwa garini. Aliporudi midomo yake ilikuwa inatoka damu, na hakuweza kusema hata jina lake.

Nyemo alinusurika. Siku tatu baadaye Bi. Shemdoe akaenda hospitali na barua ya makao makuu mkononi, akiwa na matumaini kwamba mgonjwa atamtua mzigo.

"Mimi nilikuwa shimoni," Nyemo akasema. "Nilimsikia mmoja tu, wa tarumbeta. Nilidhani ni maziko yangu, nikasema basi, angalau yamefana."

Mumewe akakataa palepale. "Mke wangu, angejuaje pa kupuliza? Nilikuwa nimeshageuka niondoke na mbuzi wangu wa uongo. Aliyenikalisha chini ndiye aliyekutoa."

Wafuata nyayo nao, waliomtukana Machibya kwenye njia panda, wakasema kwa aibu kwamba chai haina dira na tarumbeta halina ramani.

Wenyewe watatu walikuwa nje kwenye benchi la hospitali.

"Bila mimi," Machibya akasema, "mngewapigia tembo muziki mahali pasipo na mtu."

"Bila mimi, afande," Tumpe akasema, "wewe ungekuwa unatafuta kwato za mbuzi."

Hokororo, midomo imevimba, akaomba kalamu akaandika kwenye kiganja chake: *Bila mimi mngebeba maiti.* Wakacheka wote watatu.

Bi. Shemdoe alijaribu kila mlango. Aliandika majina yote matatu, makao makuu wakarudisha karatasi. Akafikiria kumchagua asiye na kosa. Tumpe ametoa ahadi isiyo yake, Machibya amewakaidi wafuata nyayo njia panda, Hokororo ameingiza tarumbeta hifadhini. Kwa kipimo hicho nafasi ingebaki wazi. Akafikiria aliyehatarisha maisha. Lakini je, mwenye kujua aadhibiwe kwa kuwa kujua hakukumtoa damu? Akafikiria wa kwanza kujua, Tumpe. Lakini wa kwanza bila wa mwisho ni habari ya kifo tu.

Mimi nilipoulizwa shauri, nilijifanya simu inaita. Ninyi simu zenu nimeziona ziko mezani.

Makao makuu wanataka jina leo, kabla ya saa tisa na nusu. Yuko aliyejua, yuko aliyefika, yuko aliyethubutu. Nafasi haikatwi vipande, na kura haipigwi kwa kazi ya mtu. Jina likishaandikwa, wawili watavua sare ile ile iliyowafanya wasizeeke.

Je, wewe uliyeshika kalamu, unaandika la nani? Na wale wawili, wamekaa pale kwenye benchi wanakutazama, utawaambia nini?